BARUA YA WAZI: Mheshimiwa, kipimo cha damu kutoganda kifike Dodoma kabla ya jando

Mheshimiwa unayesimamia hospitali zetu hapa mkoani, shikamoo. Mimi ni mama ntilie huku Chamwino, nina watoto wawili wa kiume, nimevumilia sana ila kwa hili la juzi nimeshindwa kunyamaza.

Mkubwa kang'oka jino la utoto, damu ikatoka usiku kucha mpaka foronya ikalowa chapachapa, asubuhi goti nalo limevimba na hajaanguka popote. Hospitali wakapima FBP, kile kipimo cha kuhesabu chembe za damu, wakasema damu iko sawa. Iko sawa vipi na mtoto bado anavuja? Daktari mmoja kijana, Mungu ambariki, ndo akasema hii inaweza kuwa hemofilia, ugonjwa wa damu kutoganda vizuri, FBP haiwezi kuionyesha, inatakiwa APTT, kipimo cha muda damu inaochukua kuganda, halafu wapime vigandishi vya damu namba 8 na namba 9, ila vitendanishi, yaani dawa za kupimia, hakuna, sampuli iende Dar.

Damu ikawekwa kwenye chupa ya kifuniko cha bluu, haikufika hata kwenye mstari, ikatupiwa kwenye boksi la barafu ikapanda basi la usiku. Majibu yakarudi sampuli imeharibika, leteni nyingine. Mheshimiwa, chupa ile ina dawa ya sitreti ya kuzuia damu isigande, inataka damu sehemu 9 kwa dawa sehemu 1, ikipungua majibu yanadanganya. Damu nzima haiwekwi barafu, na APTT inapimwa ndani ya saa 4, la sivyo waizungushe kwenye mashine watoe plazma, yale maji ya damu, waigandishe kwa baridi kali ndo isafiri. Basi gani la Dodoma linafika Dar kwa saa 4? Haya nimeyajua kwa kuulizauliza tu, sasa wanaochukua damu nani anawafundisha? Sijui ni bajeti, sijui ni uzembe, huku kila mtu anasema lake. Ila ulisimama mbele yetu ukaahidi kwamba kukimbilia Dar kwa vipimo kutakwisha, tukapiga makofi na mimi nilikuwepo.

Kinachoniuma zaidi ni mdogo wake. Ugonjwa huu mtoto wa kiume mara nyingi anaurithi kwa mama, na kaka yangu wa tumbo moja alifia jandoni, alitoka damu mpaka akaisha, wazee wakasema karogwa. Kama mimi nimebeba ugonjwa huu, kila mtoto wa kiume ninayezaa ni nusu kwa nusu kuupata. Huyu mdogo hajatahiriwa, babu yake kashasema likizo hii lazima aingie, nikikataa naambiwa namdekeza. Bila karatasi ya majibu nitamwambia nini mzee akanielewa? Na hata dokta hawezi kujua amwandalie nini kabla ya kumkata, maana dawa ya namba 8 haimsaidii mwenye upungufu wa namba 9.

Siombi jengo jipya. Naomba vitendanishi vya APTT, vya namba 8 na namba 9 viwepo hapa hapa Dodoma, na mtu aliyefundishwa kuchukua hiyo damu. Vitendanishi Mheshimiwa. Vifike kabla shule hazijafungwa.