Zamu ya Nzwani imeliwa na nani?

Mhariri, assalam alaykum.

Nimesoma makala yenu ya Komoro, ile iliyosema visiwa vile vimetulia tokea majeshi yetu yalipomtoa Kanali Mohamed Bacar, mtawala wa kisiwa cha Nzwani (Anjouan), mwaka 2008, na kwamba mkataba wa Fomboni, ule wa 2001 wa kuvipatanisha visiwa hivyo, "umefanikiwa". Niliisoma dukani kwangu hapa Darajani, na bahati mbaya (au nzuri) siku hiyo alikuwepo mtoto wa mjomba wangu, mtu wa Mutsamudu, mji mkuu wa Nzwani, anapitia Unguja katoka Kariakoo kununua vitambaa na spea za pikipiki. Nikamsomea kwa sauti. Nilipofika pale palipoandikwa "Wangazija wa Anjouan" akaweka kikombe cha kahawa chini akaniambia basi, usiendelee.

Maana hakuna kitu kama hicho Mhariri. Mngazija ni mtu wa Ngazija, kisiwa kikubwa, kule mji mkuu Moroni uliko. Huyu wa Anjouan ni Mnzwani, na wa Moheli ni wa Mwali. Najua sisi Unguja wote tunawaita Wangazija, mi mwenyewe nimekua naambiwa bibi yangu Mngazija hadi siku alipochoka akanambia "mimi sikuzaliwa Ngazija, mimi nimezaliwa Nzwani, hao Wangazija ndo waliokuwa wakitutawala". Alikuwa anatwanga kisamvu, hata hakuinua kichwa. Sasa unaweza kusema ni jina tu, lakini ugomvi wote wa kule umeanzia hapo hapo, kwamba ukisema Komoro watu wanaona Ngazija peke yake.

Nzwani ilijitangazia kujitenga tarehe 3 Agosti 1997, na Mwali ikafuata siku chache baadae. Wanzwani walipandisha bendera ya Ufaransa, ndio, ya Ufaransa, wanataka warudi kwa mkoloni, na Paris yenyewe ikakataa. Ukisikia hivo juu juu unacheka lakini ukae upande wa Domoni, mji wa mashariki ya Nzwani, ujue kwamba ng'ambo ya maji, kama kilomita 70 tu, ipo Maore (Mayotte) iliyobaki chini ya Wafaransa, kule mwalimu anapokea mshahara kila mwezi, na huku mwalimu wa serikali ya Moroni anakaa miezi hajaona hata franga, bandari ipo kwao lakini maamuzi yote yanatoka kisiwa kingine, langilangi na karafuu zinatoka kwao na barabara ni mashimo, basi ndo mtu anafika kupandisha bendera ya aliyemtawala babu yake. Rais Taki wa Komoro akapeleka jeshi mwezi wa Septemba mwaka ule ule, likapigwa likarudi.

Aprili 1999 wakakutana Antananarivo kupatana, ujumbe wa Nzwani haukutia saini. Moroni ikawaka. Binamu yangu huyu alikuwa kijana anafanya kazi ya kushona kule kule Moroni, anasema vijana walisimama njia panda wanasikiliza lafudhi, ukifungua mdomo wanajua wewe wa wapi. Jirani yake Mngazija akamficha chumba cha nyuma siku mbili, akampa kanzu yake na kofia, akamsindikiza mwenyewe mpaka bandarini akimwambia asitoe neno, yeye atamsemea. Tarehe 30 Aprili Kanali Azali Assoumani akachukua nchi, akasema anaizuia isimeguke. Huyo Azali mlikumbuke jina lake.

Ndo tukafika Fomboni, mji wa Mwali, tarehe 17 Februari 2001. Hapa ndipo makala yenu ilipopita mbio mbio na mi naona ndipo penyewe. OAU walikuwepo, kabla haijawa Umoja wa Afrika, na nchi za jirani chini ya Afrika Kusini. Kilichowarudisha Wanzwani ndani ya nyumba hakikuwa bunduki wala pesa, ilikuwa neno moja tu: zamu. Kila kisiwa kiwe na rais wake na bunge lake, na juu yao rais wa Muungano wa Komoro apatikane kwa zamu, Ngazija, alafu Nzwani, alafu Mwali. Mchujo unafanywa kisiwa chenye zamu peke yake, watatu wa juu ndo wanapigiwa kura na visiwa vyote. Yaani unachaguliwa na nduguzo kwanza kisha unaombwa ukubalike kwa wengine. Mi sijaona fomula nzuri kama hiyo kwa nchi ya watu wasiofika milioni, ijapokuwa ilikuwa na mambo yake, mana nchi ndogo vile ilikuwa na marais wanne kwa mpigo na pale Moroni rais wa Muungano na rais wa kisiwa cha Ngazija waligombea kodi hadi wafanyabiashara wakawa hawajui wamlipe nani. Sisi wenye maduka tunaelewa uchungu wa hilo bila kuelezwa.

Sasa Mhariri chukua kalamu tuhesabu, kwa sababu kupima mkataba sio kuuliza kama risasi zimenyamaza, ni kuuliza kile walichoahidiana kimetekelezwa ama hakikutekelezwa. Ngazija ikaanza 2002 na Azali huyo huyo. Nzwani ikapata 2006 na Sambi, ikatoka 2011. Mwali ikapata 2011 na Ikililou Dhoinine, ikatoka 2016. Ngazija ikarudi 2016, na nani, Azali tena, kashinda kwa tofauti ndogo ya kura, tena kaungwa mkono na chama cha Sambi, Mnzwani! Kwa nini Wanzwani wamsaidie? Kwa sababu kila mtu alijua hesabu, 2021 ni zamu ya Nzwani, unambeba mwenzio leo na wewe kesho ubebwe.

2021 imepita na rais wa Nzwani hatukumuona. Julai 30, 2018 ilipigwa kura ya maoni ya katiba, wapinzani wakaisusa, ikapita kwa zaidi ya asilimia 90. Katiba mpya inasema zamu ipo bado, ila sasa rais anaweza kukaa mihula miwili mfululizo ya miaka mitano mitano, na wale makamu wa rais wa kila kisiwa wakafutwa. Azali akakatisha muhula wake, akafanya uchaguzi Machi 2019 akashinda, akashinda tena Januari 2024. Kwa hiyo anafika 2029. Ngazija peke yake miaka 13 mfululizo! Nzwani iliyotoka 2011 itakuwa imesubiri miaka 18. Na wale wa Mwali wanyonge ambao hakuna hata anayewataja, kama Nzwani ikipata 2029 na yenyewe ikala mihula miwili, Mwali inarudi 2039. Mtoto aliyezaliwa Fomboni siku Ikililou anatoka madarakani atakuwa na miaka 23, na mji wake ndio ulioupa mkataba jina.

Najua kuna watakaosema katiba ilibadilishwa kwa kura, wananchi wamesema. Sawa, lakini mkataba wa Fomboni haukuwa mali ya wingi wa kura, mana wingi wa watu uko Ngazija tokea zamani, na ingekuwa ni wingi tu basi Nzwani na Mwali zisingehitaji mkataba. Zamu ndo ilikuwa bei ya kurudi. Huwezi kumrudisha mke kwa masharti mbele ya wazee, akisharudi ukakaa na ndugu zako upande mmoja mkapiga kura kubadilisha masharti, alafu ukasema ameshindwa kwa haki.

Na nisiwe wa upande mmoja. Wanzwani nao wamechezea. Bacar mwaka 2007 aliambiwa na Umoja wa Afrika ahirisha uchaguzi wa kisiwa, akachapisha karatasi zake mwenyewe za kura akajitangaza mshindi mwezi wa Juni. Sambi naye mwaka 2009 akafanya kura ya maoni, muhula ukaongezwa kutoka miaka minne kwenda mitano, marais wa visiwa wakashushwa kuwa magavana, na yeye akataka kubaki wakati watu wa Mwali wanadai zamu yao. Lakini angalia kilichotokea: Mahakama ya Katiba mwaka 2010 ilimkatalia, Umoja wa Afrika ukaja kuwakalisha kitako, uchaguzi ukafanyika mwisho wa mwaka na Mwali ikapata haki yake. Mkataba ulipigwa teke ila breki zilishika. Mwaka 2018 breki ziling'olewa kwanza, Mahakama ya Katiba ilisimamishwa mwezi Aprili kazi zake zikapelekwa Mahakama ya Juu, ndipo kura ya maoni ikaja Julai. Mpangilio wa tarehe hizo mbili kwangu mimi unaeleza kila kitu.

Sasa nije kwetu maana na sisi tumo. Tarehe 25 Machi 2008 asubuhi wanajeshi wa Umoja wa Afrika, zaidi ya elfu moja, wengi wao Watanzania na Wasudan, waliteremka Nzwani pamoja na jeshi la Komoro. Wakati ule Rais Kikwete ndo alikuwa mwenyekiti wa Umoja wa Afrika. Kazi kubwa iliisha siku ile ile, Bacar akakimbilia Maore kwa boti, baadae Wafaransa wakampeleka Réunion na mwisho akaishia Benin. Nakumbuka hapa Darajani watu walijazana kwenye redio, wengine wanashangilia vijana wetu, na bibi yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikaa kimya alafu akauliza kama wamebomoa msikiti. Binamu anasema Mutsamudu wengi waliwapokea askari vizuri, walikuwa wamemchoka Bacar, watoto wakajifunza kusema "mambo" na "poa". Mi sina neno baya kwa askari wale.

Swali langu ni hili. Pale kisiwa kidogo kilipovunja mkataba, wadhamini walikuja na meli. Pale mwenye nguvu wa Moroni alipoupinda, wadhamini walikuja na nini? Walituma mjumbe, mazungumzo yakavunjika, ikawa basi. Oktoba 2018 vijana wa Mutsamudu wakaingia mji mkongwe na silaha wakajifungia humo siku kadhaa, watu wakafa, gavana wa kisiwa akakamatwa. Mji ule ni kama Mji Mkongwe wetu huu huu, vichochoro ambavyo watu wawili hawapishani. Binamu alinipigia kwa simu ya WhatsApp usiku wa pili, mtandao unakatika katika, nasikia mlio kama wa mtu anagonga bati, namuuliza nini hiyo ananambia nyamaza, kisha anaongea na mkewe habari ya maji yamekwisha kwenye pipa. Hakuna meli iliyokuja siku hizo. Na Februari 2023 Azali akakabidhiwa uenyekiti wa Umoja wa Afrika, huo huo uliorithi kazi ya kuulinda mkataba. Novemba 2022, miezi mitatu kabla, Sambi alihukumiwa kifungo cha maisha kwenye kesi ya uraia uliouzwa kwa Mabidun wa Ghuba, watu wasio na uraia wa nchi yoyote. Sijaingia kwenye kesi, inawezekana ana makosa, pesa zilikuwa nyingi na maswali ni mengi. Nasema tu jinsi inavyoonekana ukiwa umekaa Mutsamudu.

Ndo maana neno "umefanikiwa" limenikera. Nani amepima? Mkataba huu una vipengele, vinahesabika: zamu ya urais, madaraka ya visiwa, mgawo wa mapato ya forodha, mahakama ya kuamua ugomvi kati ya kisiwa na Muungano. Umoja wa Afrika wakae, waite pande zote tatu na hasa Mwali, wapitie kifungu kwa kifungu waandike hiki kipo, hiki kimekatwa, hiki kimebaki jina, na waichapishe tuisome, kabla ya 2029 sio baada yake. Na Tanzania isijifanye mgeni. Ukipeleka askari kulazimisha mkataba ufuatwe umeshakuwa shahidi wa ndoa, huwezi kusema sijui kinachoendelea mle ndani. Sisi Wazanzibari kwa muafaka wa CCM na CUF hatuhitaji kufundishwa, tumeona wa 1999, tumeona wa 2001, tunajua karatasi iliyosainiwa inavyoweza kukaa kwenye droo ikaliwa na mende.

Mkiwa na uwezo tumeni mwandishi kule. Asiishie Moroni hotelini, apande boti aende Mutsamudu, alafu Fomboni, aulize watu wa sokoni zamu ijayo ni ya nani, aone wangapi watamjibu kwa uhakika. Na aende ufukweni Domoni usiku aangalie vijana wanaopanda kwasakwasa, vile viboti vidogo, kwenda Maore, wengine hawafiki.

Na ile ya "Wangazija wa Anjouan" naomba muisahihishe toleo lijalo, hata kwa mstari mmoja chini kabisa. Binamu atapita tena mwezi ujao na najua ataniuliza.

Wenu,
Mjukuu wa Mnzwani,
Darajani, Unguja