Barua ya wazi kwa Mheshimiwa aliyetuahidi tanuri

Mheshimiwa,

Salamu kutoka Mwakirunge. Huenda umetusahau, kwa hiyo nikukumbushe: sisi ni wale kina mama wafinyanzi wa majiko ya udongo, waliokupikia wali wa nazi kwenye jiko lao, ukala, ukaomba na ukoko. Ukasifu kwamba jiko letu halina moshi kama mafiga, ukaahidi tanuri la kuchomea majiko na kibanda "kabla ya masika". Hukusema masika ya mwaka gani. Kosa letu, hatukuuliza.

Usiku wa Jumanne mvua ilianza saa nane. Nilitoka na tochi ya simu, leso imenigandama mwilini, nikakuta turubai limeng'oka kwenye mnazi na majiko 48 yako wazi. Mabichi yote. Yalikuwa na siku tisa kivulini yakisubiri kuchomwa. Nikalinyanyua moja kwa mikono miwili niliingize ndani. Mdomo wake ukanibakia mkononi, mwili ukaanguka pu! Alfajiri ua wangu ulikuwa uji wa udongo, na kuku wakipita juu yake.

Wewe ni mtu wa semina, yamkini kazi hii huijui. Udongo twauchota bondeni, twauloweka, twauchanganya na mchanga, twaukanyaga kwa miguu. Ukilianika jiko juani, lapasuka. Usipolichoma likaiva, halimalizi miezi mitatu. Sisi twachomea shimoni kwa makuti, na nusu yatoka mabovu. Ndiyo maana tuliomba tanuri. Hatukuomba fulana. Fulana mlitupa, ahsante, yangu napigia deki.

Halafu yakaja yale majiko ya bati, yaliyoletwa kwa kontena. Kwa macho ni mazuri. Lakini mdomo wake alipima nani? Makumbi hayaingii, na kuni lazima uzikatekate kama nyama ya mishikaki. Chumvi ya hewani nayo imeyala. Langu sasa ni chombo cha maji ya kuku. Watu wananong'ona kwamba pesa za tanuri ndizo zilizonunua bati hizo. Sina ushahidi. Ninachojua ni kwamba kijana wako alikuja akatupiga picha na majiko, akachukua namba za simu, akatuambia moshi tuliopunguza huhesabiwa, ukauzwa ng'ambo kama kaboni. Basi Mheshimiwa, moshi wangu ulikwenda kwa shilingi ngapi?

Siku ile ulitusomea kutoka Shirika la Afya Duniani kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Nimeikumbuka hesabu hiyo kwa sababu mavyaa wangu alikuwa ubavuni mwangu akikohoa. Bado anakohoa. Ukasema tena serikali yataka kila Mkenya apikie nishati safi ifikapo 2028. Hiyo ni kesho kutwa! Gesi twaipenda, na kodi ya VAT iliondolewa 2023, lakini mtungi haujazwi kwa shilingi hamsini, na mkaa wa hamsini upo. Mume wangu ni wa bodaboda. Kuna siku hamsini ndiyo yote aliyorudi nayo. Turubai lenyewe nililinunua kwa kuuza mbuzi. Mimi ndiye mweka hazina wa kikundi, na wenzangu wameanza kunitupia jicho la pembeni kana kwamba tanuri nimelila mimi.

Ofisini kwako nimefika mara tano. Mara uko mkutanoni, mara uko Nairobi. Mlinzi sasa ananiita Mama Majiko.

Kwa heshima, tanuri tumekusamehe. Tunaomba mabati 30 ya kuezekea kibanda. Miti tunayo, misumari tutachangishana. Hata yawe ya zamani, hata yawe na matundu, matundu tutayaziba. Mabati tu, Mheshimiwa. Leo asubuhi tumeanza kufinyanga upya, na wingu jeusi limesimama upande wa Nguu Tatu.

Mweka hazina wa kikundi,
Mwakirunge, Mombasa