Kaseti ya Mzee na Dire Straits ya 1985

Tanga

Swahiba,

Salamu nyingi kwako na kwa nyumba nzima. Mzee mpe shikamoo yangu. Barua yako imefika pamoja na picha za ile kaseti. Umeuliza mambo mawili: kwa nini wimbo wa "Why Worry" kwenye kaseti ya Mzee unakatika ghafla gitaa likiwa bado linaimba, ilhali kwenye santuri ya jirani yenu unafifia taratibu hadi mwisho, na kama kaseti yenyewe inaweza kuokolewa. Nakujibu yote mawili kwa pamoja, maana yameshikana.

Brothers in Arms, albamu ya bendi ya Dire Straits yenye wimbo huo, ilitoka Mei 1985 ikiwa na nyimbo tisa, lakini haikutoka kwa urefu mmoja. CD na kaseti ya kiwandani zilipewa nyimbo kamili, jumla dakika 55 hivi. Santuri ilipewa nyimbo zilizopunguzwa, jumla haifiki dakika 48. Ndiyo maana mashabiki wawili wanaoipenda albamu hii kwa dhati wanaweza kubishana hadi usiku wa manane na wote wakawa wanasema kweli. Waliyoyazoea masikioni si mamoja. Kisu kilipita upande wa kwanza tu. "So Far Away" ina dakika 5 na sekunde 12 kwenye CD, kwenye santuri inabaki na 3 na sekunde 59. "Money for Nothing" inashuka kutoka dakika 8 na sekunde 26 hadi 7 na sekunde 4. "Your Latest Trick" inatoka 6 na sekunde 33 hadi 4 na sekunde 46. Aliyeumia zaidi ni "Why Worry": dakika 8 na sekunde 31 zimekuwa 5 na sekunde 22. "Walk of Life" iliachwa kama ilivyo, na upande wa pili haukuguswa.

Sababu ni santuri yenyewe. Upande mmoja wa santuri ya inchi 12 unapumua vizuri ukibeba dakika 20 hivi. Ukizidisha, fundi anayekata santuri hana budi kubananisha mifereji, na mifereji ikibanana lazima besi ipunguzwe na sauti nzima ishushwe, la sivyo sindano itaruka. Upande wa kwanza wa albamu hii, bila kukatwa, ungekaribia dakika 33. Hata baada ya kukatwa umebaki na 25, na huo tayari ni mzigo. Tena "Why Worry" imekaa mwishoni, karibu na kitovu. Ukingoni sindano inapita kwenye sentimita 50 hivi za mfereji kila sekunde; kule ndani zinabaki 20 na kidogo. Sauti ileile inabanwa kwenye nafasi isiyofika nusu, herufi "s" zinaanza kukwaruza na kila chembe ya vumbi inasikika. Wimbo laini kama ule kukatwa mkia na kusukumiwa pale, kwangu ni hasara kubwa kuliko zote katika albamu hii. Matoleo ya baadaye ya santuri mbili yalirudisha urefu wake, kwa hiyo jirani asikate tamaa.

Sasa kaseti ya Mzee. Kwenye ganda nimeona namba 60, yaani dakika 30 kila upande, na majina ya nyimbo yameandikwa kwa kalamu. Hiyo haikutoka kiwandani. Ilirekodiwa dukani au nyumbani, kama kaseti nyingi zilizozunguka kwetu miaka ile. Piga hesabu: nyimbo nne za kwanza, kwa urefu wa CD, ni dakika 24 na sekunde 23. Kwa "Why Worry" zinabaki dakika tano na nusu, nayo inataka nane na nusu. Utepe umeisha wimbo ukiendelea. Kilichopotea ni sehemu ile ya mwisho isiyo na maneno, gitaa na vinanda wakijibizana polepole, na mimi naona ndiyo roho ya wimbo wenyewe. Kwa hiyo aliyerekodi alikuwa na CD au kaseti halisi mkononi. Angenakili kutoka santuri, upande mzima ungeingia na nafasi ya dakika nne na ushee ingebaki.

Dakika zile hazimo kwenye utepe, na hakuna fundi atakayezirudisha. Mtafutie Mzee CD ya kwanza, ya kampuni ya Vertigo, namba 824 499-2. Ukiiweka baada ya toleo lililotengenezwa upya la 1996 utaiona kama imenyong'onyea, kwa sababu sauti yake ilirekodiwa chini zaidi. Usiihukumu hapo. Ongeza sauti kwenye amplifaya, kisha sikiliza nafasi iliyopo kati ya ala moja na nyingine, na jinsi ngoma zinavyoinuka kutoka kimya. Toleo la baadaye limejaza sehemu ya kimya hicho. Mkipata zote mbili, mwekee Mzee ya 1985.

Lakini kaseti usiitupe. Kwenye picha ya upande B, chini kabisa, nimesoma "Sultans". Upande wa pili wa albamu una dakika 22 na robo, na "Sultans of Swing" ina 5 na sekunde 47. Jumla dakika 28. Aliyerekodi alijua hesabu zake, akamzibia Mzee pengo kwa wimbo uliofaa hasa. Ule ni wa 1978, wakati Dire Straits ni vijana wanne wa Deptford, London: Mark Knopfler, mdogo wake David, John Illsley kwenye besi na Pick Withers kwenye ngoma. Sikilizeni upande huo mpaka mwisho na mtasikia miaka saba imepita ndani ya kaseti moja. Kwenye "Sultans" gitaa ni Stratocaster, kavu na safi, linachezwa kwa vidole bila kipiki: dole gumba, cha shahada na cha kati. Nyuzi zinavutwa kisha zinaachiwa, ndiyo maana kila noti ina mlio wa kudonolewa. Kufikia 1985 kati ya wale wanne wamebaki Mark na Illsley. Vinanda vimeshikwa na Alan Clark na Guy Fletcher.

Na lile gitaa nene la "Money for Nothing", ambalo Mzee anasema halijapata mwenziwe, nalo ni vidole vilevile, ila kwenye Gibson Les Paul iliyopita amplifaya ya Laney. Walikuwa AIR Studios, kisiwani Montserrat, studio iliyoanzishwa na George Martin, mtayarishaji wa Beatles. Fundi wa sauti, Neil Dorfsman, alikuwa bado anapanga maikrofoni, moja ikiwa imeelekea sakafuni, sauti ikatoka vile walivyoihitaji wakati hakuna aliyekuwa amemaliza kupanga. Wakaacha kila kitu kilivyo. Watu wengi wanaojaribu kuiga sauti ile wanaongeza mkwaruzo na kushindwa, kwa sababu siri haipo kwenye mkwaruzo. Maikrofoni zilizokaa pembeni na kwa umbali tofauti zinafutana baadhi ya masafa, unabaki mlio wa puani. Njia ya karibu ni kupachika pedali ya wah, ile ya mguu inayobadilisha mlio wa gitaa, kuisimamisha katikati na kuiacha pale bila kuipampu. Ngoma zinazopanda kabla ya gitaa ni za Terry Williams. Sehemu kubwa ya ngoma za albamu alipiga Omar Hakim. Ile sauti nyembamba ya mwanzo ni ya mwanamuziki Sting. Studio yenyewe iliharibiwa na kimbunga Hugo mwaka 1989 na haikurudi tena.

Tuje kwenye kazi. Kabla ya kuipiga kaseti hata mara moja, itazame kwa mbele, pale utepe unapoonekana. Katikati kuna kipande cha chuma chembamba chenye kipedi kidogo cha manyoya, kikubwa kama punje ya mchele mbili hivi. Kazi yake ni kuukandamiza utepe kwenye hedi, kile kichwa cha deki kinachousoma. Gundi yake hukauka, kipedi hudondoka, na matokeo yake sauti inakuwa ya mbali, inayumba, upande mmoja unapotea. Watu wengi huita hiyo "kaseti imekufa" na kuitupa. Ganda likiwa na parafujo tano, lifungue likiwa limelala mezani. Likiwa limegandishwa kiwandani, lipasue taratibu kwenye mshono kwa wembe. Kisha hamishia magurudumu mawili ya utepe kwenye ganda zima la kaseti nyingine isiyo na thamani, lenye parafujo. Kabla ya kugusa chochote piga picha, uone utepe unapita upande gani wa viroli vya pembeni. Zile karatasi mbili laini za juu na chini zirudishe pia. Ukizisahau, magurudumu yatakwaruza na kukwama.

Utepe ukiwa umekatika, uunganishe kwa tepu maalumu ya kuunganishia. Selotepu ya kawaida gundi yake huchuruzika, inashika mzunguko wa juu yake, na baada ya miezi michache deki inakula utepe wote. Kata ncha zote mbili kwa mshazari, zikutane bila kupandana, bandika upande wa mgongo, yaani ule usiogusa hedi.

Halafu upeleke utepe wote mbele hadi mwisho na kuurudisha, kabla ya kuusikiliza. Kaseti iliyolala miaka mingi huwa imekazana sehemu moja na kulegea nyingine. Kalamu ya Bic yenye pembe sita inaingia vizuri kwenye tundu. Tumia hiyo kwa mizunguko ya kwanza ili uhisi kama kuna mahali inagoma. Ikigoma usilazimishe. Gonga ganda bapa kwenye kiganja mara chache, kisha jaribu tena.

Deki nayo isafishwe. Hedi na kile kipini cha chuma kinachozunguka visafishe kwa kijiti cha pamba chenye spiriti safi, ya asilimia 90 kwenda juu, mpaka pamba itoke bila kahawia. Kiroli cha mpira kifute kwa maji yenye sabuni kidogo, kwani spiriti ikizoea mpira huukausha na ukishapasuka unavuta utepe pembeni. Acha dakika kumi vikauke.

Kasi ipime kwa CD. Chukua "Money for Nothing", hesabu kwa saa kuanzia sauti ya Sting hadi noti ya kwanza ya gitaa. Tuseme CD imechukua sekunde 95 na kaseti 97, basi huenda deki yako iko nyuma kwa asilimia mbili na sauti imeshuka nayo. Kwa kawaida ni belti ya mpira iliyolegea. Badilisha belti kwanza. Ile parafujo ya kasi ndani ya mota iwe ya mwisho.

Sauti ikiwa imefifia juu, kana kwamba spika imefunikwa blanketi, kando ya hedi kuna parafujo yenye springi. Iwekee alama ya wino ilipo, kisha izungushe kidogo kidogo huku ukisikiliza matoazi, hadi yang'ae. Kaseti iliyonakiliwa hufuata mkao wa hedi ya deki iliyoirekodi, ndiyo maana huenda zingine zikawa safi na hii ikawa butu. Ukimaliza, rudisha kwenye alama.

Kuhamishia kwenye kompyuta, toa sauti kwenye tundu la "line out", na uingize kwenye kifaa chenye "line in". Tundu la maikrofoni la laptopu mara nyingi ni la upande mmoja na linakuza sauti kupita kiasi. Tumia programu ya Audacity, rekodi kwa biti 24 na kilohezi 48, uhifadhi kama WAV. Hapo ndipo wengi huiharibu albamu hii: wanaweka kiwango kwa kusikiliza ule mwanzo wa Sting, ambao uko chini, gitaa likiingia mshale unagonga mwisho na sauti inapasuka, na iliyopasuka hairekebishiki. Weka kiwango kwa gitaa lenyewe, kilele kisizidi desibeli 6 chini ya sifuri. Tenga gigabaiti moja. Dakika moja inakula megabaiti 17.

Jambo moja la mwisho, nalo ni la upande B. Wimbo wa "Brothers in Arms" unaanza na ngurumo ya mbali kabla kinanda na gitaa havijaingia. Kitufe cha kupunguza kelele cha Audacity kinataka kwanza ukionyeshe sampuli ya mvumo wa utepe. Sampuli hiyo ichukue kwenye kimya kati ya nyimbo mbili, sekunde moja au mbili zinatosha, na punguza desibeli 6 tu. Ukichukua pale mwanzoni mwa wimbo huu, programu itaifuta ngurumo yote ikidhani ni takataka, na Mzee atagundua papo hapo. Kaseti yenyewe, ukimaliza, irudishe hadi mwanzo wa upande A na uisimamishe wima ndani ya boksi lake, mbali na sumaku ya spika.

Nijulishe mkipata ganda, na belti uniandikie vipimo vya ile ya zamani ikiwa imelazwa bapa bila kuvutwa.

Wako,
swahiba wako wa Tanga