Tuandikieni na sarafu ya mkopo

Ndugu mhariri,

Nauza vitenge Kariakoo na gazeti lenu nalisoma asubuhi kabla wateja hawajachangamka. Kero yangu ni moja, kila serikali ikikopa, yetu au ya jirani, mnatuandikia milioni ngapi na picha ya wakubwa wanapeana mikono basi habari imeisha, sasa sisi tutajuaje kama huo mkopo ni mzuri au ni kitanzi?

Juzi dukani tulibishana kuhusu Shelisheli (visiwa jamani, sio yale ya kuchemsha na nazi), jamaa mmoja kakomaa eti nchi ndogo vile yenye watalii mwaka mzima haiwezi kufilisika, nikamwambia kaka mbona ilishakwama zamani, 2008. Wale watu wakati ule hata laki moja walikuwa hawafiki, ukiwamwaga wote Temeke hutawaona, lakini mwaka 2006 serikali yao ilikopa dola milioni 200 kwa hatifungani (hati za mkopo wanazouziwa wawekezaji) huko nje na mwaka uliofuata ikaongeza 30, na sehemu ya hela hiyo ikaenda kulipa malimbikizo ya madeni ya nyuma. Hapo ndo mimi nilishtuka, maana hiyo ni kausha damu kabisa yaani unachukua kwa huyu unamlipa yule, dada yangu alifanya hivyo akaishia kubebewa friji.

Tena deni lilikuwa la dola na mtaji wote, yaani hela yenyewe iliyokopwa bila riba, ulitakiwa kurudishwa kwa mkupuo 2011, wakati kwao rupia serikali ilikuwa imeishikilia kwa nguvu dola 1 iwe kama rupia 8, matokeo yake dola benki hakuna watu wananunua kwa mlango wa nyuma. Na kisiwani karibu kila kitu kinakuja kwa meli. 2008 mafuta na chakula vikapanda dunia nzima, Oktoba riba ikawashinda, Novemba wakaiachia rupia ikaenda kwenye 16 hivi. Hebu fikiria mhariri, hujakopa hata senti mpya ila deni lako kwa hela ya kwenu limekuwa mara mbili! Sisi tunaoagiza mzigo kwa dola na kuuza kwa shilingi hatuhitaji mchumi wa kutufafanulia hilo, tunalijua kwa maumivu.

Waliinuka lakini, nisiwaonee. Walibanwa na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), wenye hatifungani wakakubali kukatwa nusu mwaka 2010, hizo zilizobaki zikasogezwa mpaka 2026. Ona sasa, mkopo wa 2006 umeburuzwa miaka 20, mtoto aliyezaliwa mwaka ule kakua nao.

Kwahiyo ninachoomba ni kidogo tu wala hakiwaongezei gharama ya karatasi. Habari ya mkopo ikitoka mwandishi wenu aulize ni sarafu gani, riba inapanda au imesimama, mtaji unarudi kidogo kidogo au kwa mkupuo na lini, na hela inaenda kujenga kitu au inaenda kuziba shimo la mkopo mwingine. Wakigoma kumjibu andikeni hivyohivyo kwamba tuliuliza wakagoma. Hiyo nayo ni habari, na mimi nitanunua nakala mbili, moja nimpelekee yule jamaa.

Msomaji wenu,
Kariakoo, Dar es Salaam