Barua ya wazi kwa mpwa wangu anayekwenda kusomea urubani wa helikopta

Mpwa wangu,

Mama yako ametupa habari kwamba jeshi la Marekani limekupokea na utakwenda Alabama kusomea urubani wa helikopta. Hongera sana, mwanangu. Mama yako ana hofu, na sitakuficha, hata mimi ninayo. Nakuandikia hadharani kwa sababu wapo vijana wengine wa kwetu huko ughaibuni waliovaa sare hiyo au wanaotaka kuivaa, na haya yanawahusu pia.

Picha ulizotuma kwenye kundi la familia ni za helikopta ya kivita ya Apache na makombora yake. Ni chombo cha kutisha, sibishi. Ila marubani ninaotaka uwajue walipewa nishani kwa kutua.

Tarehe 14 Novemba 1965, bonde la Ia Drang, Vietnam. Meja Bruce Crandall alikuwa akiongoza helikopta za Huey zilizopeleka askari kwenye kiwanja walichokiita X-Ray. Safari ya tano, risasi zilimiminika hata kamanda aliyekuwa chini akaamuru helikopta nane zilizokuwa nyuma zisitue. Crandall akatoka salama. Angeweza kuishia hapo na asilaumiwe na mtu. Lakini alijua wenzake kule wanaishiwa risasi, na majeruhi hawana wa kuwatoa. Kubeba majeruhi haikuwa kazi aliyopangiwa. Akauliza nani atakwenda naye, Kapteni Ed Freeman akajitolea. Wakarudi na helikopta mbili zisizo na silaha.

Fikiria huko kutua kwenyewe. Helikopta ikiwa angani ina mwendo wake. Ikishuka inapunguza kasi, halafu inakaa pale chini, shabaha kubwa isiyosogea. Mapanga yanazunguka, vumbi na nyasi zinaruka, masanduku ya risasi yanashushwa, majeruhi wanapandishwa mmoja baada ya mwingine. Muda wote huo rubani yuko nyuma ya kioo, mikono yote miwili imeshika usukani, hata kuinama hawezi. Freeman alifanya hivyo mara 14, kwenye kiwanja kidogo mita 100 hadi 200 kutoka mapigano makali, akatoa majeruhi wapatao 30. Crandall alifikisha safari 22 siku hiyo.

Nishani ya Heshima, iliyo kubwa kuliko zote kwao, Freeman aliipata 2001 na Crandall 2007. Freeman akafariki 2008. Kwa nini heshima ichelewe zaidi ya miaka 35 kwa watu wa namna hiyo? Linaniuma, ingawa nafurahi waliipokea wakiwa hai.

Wa tatu ndiye ninayemuwaza zaidi. Hugh Thompson, tarehe 16 Machi 1968, alikuwa akirusha helikopta juu ya kijiji cha My Lai, huko huko Vietnam, akaona askari wa jeshi lake mwenyewe wanaua wanakijiji: wazee, wanawake, watoto. Akatua katikati, kati ya askari hao na raia waliokuwa wamejificha kwenye handaki. Akawaambia wenzake wawili wa kwenye helikopta, Glenn Andreotta na Lawrence Colburn, kwamba askari wakiwafyatulia wanakijiji risasi, wao wawafyatulie askari. Kisha akaita helikopta nyingine zije kuwatoa watu wale. Baadaye Andreotta akashuka kwenye mtaro uliojaa maiti, akatoka na mtoto aliye hai, wakamkimbiza hospitali.

Andreotta aliuawa vitani wiki chache tu baadaye. Thompson alirudi kwao akatukanwa na kutishiwa maisha, na mbunge mmoja mkubwa alitaka yeye ndiye aadhibiwe. Nishani ya kweli kwa tendo hilo, yeye na wenzake, ilikuja 1998, miaka 30 baadaye, na Andreotta alipewa akiwa marehemu.

Mwanangu, utafundishwa kutii amri, na ni sawa, jeshi haliendi bila amri. Lakini hakuna amri iliyomshusha Thompson pale chini. Aliangalia kwa macho yake akaamua, na ndege yake ndogo ikakaa mbele ya bunduki za wenzake. Wewe ukiwa juu utaona mambo ambayo walio chini hawayaoni. Ndiyo maana nakuomba uwe unaangalia.

Ukishazoea huko, waulize wakufunzi wako habari za Thompson, kisha unipigie siku yoyote utakayopata nafasi. Nataka kusikia wanavyomweleza kwa vijana wao. Na mpigie mama yako kwanza.

Mjomba wako