Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Kamati ilikutana, jarida lilitoka mara mbili, na mafunzo ya kutengeneza redio za mbao yalifanyika kama kawaida. Hayo mnayajua, angalau mliohudhuria.

Niingie kwenye lililozua maneno. Wapo walionipigia simu usiku kuuliza kwa nini Sh 480,000 za chama zimekwenda kwenye maonyesho ya vichekesho vya Wamarekani, ilhali Pwagu na Pwaguzi, wachekeshaji wetu wa redio, hatujawagusa. Uamuzi ulikuwa wangu, sikatai. Lakini chama chetu ni cha redio, na ujanja wa kurekodi kichekesho kimoja na kukisambaza kwa vituo vingi ulianza kushika kasi Chicago.

Wachekeshaji Freeman Gosden na Charles Correll walianza na kipindi cha "Sam 'n' Henry" kwenye kituo cha WGN mwaka 1926. Walipotaka kurekodi vipindi na kuviuza kwa vituo vingine, WGN ikakataa. Wakahamia kituo cha WMAQ, jina la zamani wakaliacha nyuma, na Machi 1928 wakaanza "Amos 'n' Andy". Enzi hizo vituo viliunganishwa kwa nyaya za simu za kukodi, tena kwa bei ya kuumiza. Wao wakatumia santuri: kipindi kinarekodiwa mapema, sahani zinatumwa, kila kituo kinapiga kwa wakati wake. NBC, mtandao wa vituo vya redio, ikawachukua Agosti 1929, dawa ya meno ya Pepsodent ikiwa mdhamini, nao wakarudi kutangaza moja kwa moja, maana mitandao mikubwa haikutaka vilivyorekodiwa. Ubishi huo ulidumu hadi mwimbaji Bing Crosby alipopata mtandao uliomkubalia arekodi, mwaka 1946.

Wale mliosema gramafoni mbili kwenye maonyesho ni anasa, hamkuwepo. Upande mmoja wa sahani ya inchi 12, mizunguko 78 kwa dakika, hauzidi dakika tano hivi. Kipindi cha dakika 10 hakitoshi. Nilisimama mwenyewe katikati ya mashine mbili, sindano moja ikikwaruza mwisho wa sahani, mkono wangu ukishusha ya pili. Nilichelewa kidogo, watu wakacheka. Ndivyo fundi wa kituo alivyotoka jasho.

Kuhusu hoja nzito zaidi, kwamba Gosden na Correll walikuwa Wazungu wakiigiza sauti za Weusi: ni kweli, na sikuificha. Niliandika kwenye bango ukutani kwamba mwaka 1931 Robert Vann, mhariri wa gazeti la Weusi la Pittsburgh Courier, alianzisha ombi la kukusanya saini milioni moja kukipinga kipindi hicho. Bango hilo nililichora kwa mkono wangu, gharama yangu. Aliyesema nimesifia dhihaka hakufika ukumbini.

Na hapo ndipo uchungu wangu. Tulikuwa 14, pamoja na mama aliyeleta chai. Daftari lina wanachama 84. Waliolipa ada ya Sh 20,000 ni 31, yaani Sh 620,000 zimeingia na Sh 1,060,000 ziko mifukoni mwenu. Mweka hazina ameomba nisitaje majina. Nimemsikiliza, kwa mwaka huu.

Mwakani, Mungu akipenda, tutatafuta kanda za vichekesho vya nyumbani, na ukumbi ulio karibu na stendi.

Gramafoni ya pili tuliazima na mwenyewe anaidai. Mwenye gari aniambie baada ya kikao.

Mwenyekiti