Kabla Hatujapulizia, Jirani Ajue

Mteja akituita kupulizia dawa ya wadudu, swali letu la kwanza ni hili: upepo unaelekea kwa nani? Anayelipa ni yeye, lakini dawa haitambui mpaka wa kiwanja.

Kwa hiyo hatuwashi bomba kabla majirani hawajapata taarifa, angalau siku moja mbele. Taarifa hiyo hutaja siku na saa, sehemu itakayopuliziwa, mdudu tunayemlenga, muda ambao mtu asikanyage pale, na jina la dawa pamoja na kemikali iliyomo. Hiyo kemikali wengi huiruka, na kwetu ndiyo muhimu kuliko yote. Kemikali moja huuzwa kwa majina mengi ya kibiashara. Mtoto akianza kutapika, mate na jasho vikamtoka kwa wingi, mboni za macho zikasinyaa, daktari anahitaji kujua kama ni sumu ya kundi la oganofosfeti, kwa sababu atropini inayotumika kuitibu haifai kwa kila sumu.

Wengine hutazama rangi ya ukanda ulio chini ya lebo. Katika nchi nyingi nyekundu ndiyo kali zaidi, ikifuatiwa na njano, buluu na kijani. Ni mwongozo mzuri, ila hupima tu madhara ya haraka kwa binadamu. Dawa ya kijani bado inaweza kuua nyuki au samaki, ndiyo maana wafugaji wa nyuki tunawatafuta mapema, na mimea iliyochanua hatuigusi nyuki wakiwa mauani.

Upepo ukizidi tunaahirisha, hata kama mteja amekasirika. Alfajiri tulivu kabisa nayo tunaihofia: hewa baridi ikilalia ardhi, matone madogo hubaki yakielea na kusogea mbali bila mtu kuyaona.

Ukipata taarifa yetu, anua nguo, funika maji na vyakula, fungia kuku, funga madirisha. Kama nyumbani kuna mjamzito, mtoto mchanga au mgonjwa wa pumu, tuambie. Saa ya kazi inaweza kusogezwa. Na ukitaka kujua tulichopulizia karibu nawe, uliza hata kama hujawahi kuwa mteja wetu. Kumbukumbu za kila kazi tunazo, na tutakusomea.